Uzi maalumu wa remiksi za dubstep: za zamani, za sasa, na ya kwangu iliyonyamaza katikati ya shughuli

Jirani wa Sabufa (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Najua humu wengi ni watu wa bongo fleva, rumba na singeli, na ukitaja dubstep, ule muziki wa besi nzito uliotoka London, mtu anakumbuka zile kelele za 2012, kama grenda inakata nondo saa sita mchana. Sibishi, kelele zilikuwepo. Ila huu muziki nimekaa nao miaka mingi kwenye hedifoni, na kuna jambo moja linaninyima usingizi.

Remiksi. Wimbo wa watu wa muziki mwingine kabisa, pop, roki, haus, hata piano tupu, unaingia mikononi mwa mtu wa dubstep na kutoka na mwili mwingine. Nyingine zinaua wimbo mchana kweupe. Nyingine ukizisikia unasema huyu mwimbaji alikuwa anaisubiri hii besi tangu azaliwe. Tofauti iko wapi?

Mfano wangu siku zote ni ule ule. 2009, La Roux, "In for the Kill", remiksi ya Skream aliyoipa jina Let's Get Ravey. Wimbo wa awali ni pop ya vinanda vya umeme, unakimbia. Skream akaingia na panga, akafyeka karibu kila kitu. Ukabaki na sauti ya yule dada, na besi inayopita chini yake taratibu kama lori la usiku barabara ya Kilwa. Zile ngoma za kuvunja ukumbi kazibana. Unasubiri. Unasubiri tena. Karibu na mwisho ndipo anazifungulia, ngoma za jungle, na ukishaanza kuruka wimbo unaisha. Mwingine angekupa dropu, pale besi na ngoma zinapoingia kwa kishindo, kila dakika moja kama dozi ya vidonge.

Wa pili ni James Blake, 2010, "Limit to Your Love". Huu si remiksi, ni kuuimba upya wimbo wa Feist wa 2007. Piano, sauti, ukimya, halafu ghafla chini kabisa besi inaanza kutikisika. Ukisikilizia simu tu utadhani wimbo hauna kitu pale katikati, na wapo waliofuta faili wakidhani limeharibika.

Wa tatu mtanipiga mawe: "Cinema" ya Benny Benassi, iliyofanyiwa kazi na Skrillex 2011. Ndiyo, grenda. Lakini sikilizeni anavyomwacha mwimbaji aimbe kwa upole muda mrefu kabla ya kuwasha mashine. Angeanza na mashine, kusingekuwa na wimbo. Ilimpa Grammy ya remiksi Februari 2012, na mwaka uliofuata akaichukua tena, safari hiyo na Nero kwa "Promises".

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: remiksi nzuri ya dubstep inapimwa kwa alichokitoa mtengenezaji. Besi yoyote unaweza kuiongeza. Kutoa ndiko kunahitaji roho ngumu.

Leteni za kwenu, na kama hukubaliani shusha nondo. Baadaye nitawaeleza aibu iliyonikuta mwenyewe.

Mzee wa Ngwasuma

Nimefungua mfano wako wa tatu hapa sebuleni. Mke wangu katoka jikoni kauliza kama TANESCO wamekata, maana amesikia jenereta la jirani.

Siti ya Mbele

Nimekaa na karanga zangu. Wajuzi wapite.

Dada wa Norwood

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Nipo South London tangu 2004, na Croydon ni basi moja tu kutoka kwangu, kwa hiyo hapa mmenigusa.

Jirani, umesema kutoa. Hiyo ndiyo asili yenyewe hata kabla ya neno dubstep halijazaliwa. Neno "dub" limetoka Jamaika. Kingston alikuwepo King Tubby, fundi wa vyombo vya umeme, mtu wa kutengeneza redio na amplifaya. Yeye alichukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, akaushusha mwimbaji, akashusha gitaa, akaacha ngoma na besi, kisha akarudisha neno moja moja la mwimbaji kwa mwangwi. Hakupiga chombo hata kimoja. Chombo chake kilikuwa meza ya kuchanganyia sauti. Wajamaika waliohamia London walikuja na spika zao kubwa za mitaani, watoto wao na watoto wa majirani wakakulia humo.

Croydon, mtaa wa soko wa Surrey Street, kulikuwa na duka la santuri likiitwa Big Apple. DJ Hatcha alikuwa kaunta. Skream na Benga walikuwa vijana wadogo wakishinda humo, na ngoma zao walikuwa wakizitengeneza kwenye FruityLoops, programu ambayo leo inaitwa FL Studio na imejaa kwenye kila studio ya uchochoroni huko nyumbani. Wakachukua UK garage, muziki wa kucheza na viatu vizuri, wakaondoa uimbaji na mbwembwe, likabaki giza na besi.

Mimi nilianza kwenda DMZ, usiku wa dubstep, pale ukumbi wa Mass, Brixton. Ukumbi huo ulikuwa ndani ya jengo la kanisa, St Matthew's. DMZ ilianza 2005, ni usiku wa Mala, Coki na Loefah. Kipeperushi chao kiliwaalika watu waje kutafakari uzito wa besi, na kweli watu walitafakari: wamesimama, macho yamefumbwa, wanatikisa vichwa. Hakuna anayepiga picha. Walipotimiza mwaka mmoja foleni ikawa ndefu mpaka wakaongozwa ukumbi mkubwa wa jengo lile lile. Kitu ambacho sitasahau ni pua. Besi ya pale inaingia puani, unasikia mfupa wa pua unawasha kama umenusa pilipili manga.

Na zile ngoma hukuweza kuzinunua. Zilikatwa kwenye sahani moja moja ya kuchezea usiku ule, kwenye studio ya Transition kule Forest Hill, na sahani zile laini, ukizipiga mara kadhaa zinaanza kuchakaa. Ndiyo maana watu walikwenda wenyewe.

Let's Get Ravey nilivyoielewa mimi: zile ngoma za mwisho ni salamu kwa London ya miaka ya tisini. Mtu mzima wa hapa akizisikia anakumbuka redio za magendo, zile zisizo na leseni.

Buda wa Umoja

Niaje wasee, salamu kutoka Nairobi. Mimi nimeingilia huu muziki kupitia hip hop kwa hivyo wacha niongeze upande mwingine. Nyinyi mnaongea vile dubstep inachukua nyimbo za wengine. Na vile wengine wanachukua dubstep?

Mala ako na ngoma inaitwa "Changes", ya 2007. Kipande chake ndicho hicho hicho kiko kwa "Look At Me!" ya XXXTentacion. Wasee wengi wameruka hiyo beat bila kujua ni ya jamaa wa South London. Jay-Z na Kanye kwa Watch the Throne, 2011, wimbo wa "Who Gon Stop Me" umebebwa na "I Can't Stop" ya Flux Pavilion. Korn nao, watu wa roki ngumu, mwaka huo huo Desemba wakatoa albamu nzima na maprodyuza wa dubstep, The Path of Totality. Mashabiki wao walikasirika. Mimi niliipenda, nihukumuni.

Na Skrillex mwenyewe alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki, From First to Last, kabla hajashika kompyuta. Ndio maana dropu zake zinapiga kelele. Yule ni mtu wa kupiga nduru amehamisha nduru kwa sinthi.

Lakini hapo kwa kutoa, Jirani, siko na wewe mia kwa mia. Kuna remiksi zimeongeza na zimeweza. Nero alichukua "Blinded by the Lights" ya The Streets akaijaza mavinanda makubwa kama ya sinema, na bado jamaa anasikika akiongea kama mtu amepotea kwa klabu. Hiyo ni kuongeza, na ni kali.

Jirani wa Sabufa

Buda, hiyo ya Nero nakupa. Ila angalia: yule jamaa wa The Streets anaongea, haimbi. Kiongezwe kinanda au kisiongezwe, nafasi yake ya kupumua bado ipo. Ukimzidishia muimbaji wa taarab vinanda namna hiyo, anazama.

Na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Bibi yangu ana kaseti. Haina jalada, imeandikwa kwa kalamu ya bluu tu "Harusi" na mwaka umefutika. Taarab ya zamani, mama mmoja anaimba, fidla, kanuni, na ngoma ndogo. Nikairekodi kwenye kompyuta kupitia redio ya bibi, nikatenganisha sauti kwa ile programu ya Spleeter ambayo Deezer waliiachia bure 2019. Haikutoka safi. Kila mama anapovuta neno, mzuka wa fidla unabaki nyuma yake, kama harufu ya udi kwenye khanga. Nikauacha, ukanoga.

Tatizo la kwanza: funguo, yaani noti ambayo wimbo unasimamia. Dubstep inapenda F, kwa sababu F ya chini iko kama Hz 43.6 (mitetemo kwa sekunde), sabufa yoyote ya maana inaifikia na mwili unaisikia. Ukishuka hadi C uko kwenye 32 na ushee, spika za mtaani hapo zinatoa upepo tu. Wimbo ulikuwa karibu na F, lakini redio ya bibi inakwenda kasi kidogo, kwa hiyo mama yule alikuwa juu ya F na chini ya F kali. Jioni mbili nzima nikajaribu kumshusha. Kila nikimshusha anakuwa kama anaimba akiwa na mafua. Mwishowe nikamwacha alipo, nikapandisha besi imfuate, ikafika 44.4. Pale pale vikashikana.

Tatizo la pili: mapigo. Ngoma ile inakwenda kwa sita, mwendo wa kumbwaya. Dubstep ni mapigo 140 kwa dakika lakini snea, ile ngoma ya mpasuko, inapiga mara moja tu katika kila hesabu nne, yaani kila baada ya sekunde 1.7 hivi. Ndiyo maana mtu unaona inakwenda polepole wakati haihati zinakimbia. Nikagundua sita ile inakaa vizuri ukiifanya besi itikisike kwa tatutatu badala ya mbilimbili. Besi ikawa inanengua, naapa.

Basi. Kuna rafiki alikuwa na shughuli Temeke, send-off ya dada yake, DJ ni mtu tunayefahamiana. Nikamletea kwenye flashi, nikamwomba aipige saa nne hivi watu wakishachangamka. Kaipiga. Sauti ya mama ikaanza, akina mama wa meza ya mbele wakanyanyua vichwa, mmoja akaanza kutafuta hela ya kutunza. Nywele zikanisimama. Hesabu ya nne, ya tatu, ya pili, dropu…

Kimya.

Si kimya kabisa. Mama anaendelea kuimba, haihati zinafanya ts ts ts, kule chini hakuna kitu. Besi imekufa. Watu wakageuka kumwangalia DJ. Mjomba mmoja akapaza sauti, "Kijana, CD imekwama!" CD yenyewe haipo. DJ akaangalia waya, akaniangalia mimi, akaweka singeli. Ukumbi ukalipuka. Mimi nikaenda kusimama karibu na friji la soda.

Nyumbani kwenye hedifoni besi ipo, inatisha. Nini kilitokea?

Mzee wa Ngwasuma

Yule mjomba nampa soda mbili.

Binti Shangani

Mie nasoma toka mwanzo nimenyamaza, lakini hapa siwezi. Huyo mama anayeimba ana jina. Ana watoto, pengine wajukuu. Nyinyi mwamwita "mama mmoja" mnamkata sauti kama kitambaa cha mkoba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda aliyetunga na inamlinda aliyeimba. Kupiga shughulini ndiyo mwanzo, kesho utaona imepandishwa mtandaoni imeandikwa jina la Jirani wa Sabufa.

Na jengine. Taarab si sauti tupu. Lile neno mwimbaji analovuta, fidla ndiyo inayomjibu. Ukiiondoa fidla umemwacha anazungumza peke yake, hana wa kumjibu. Wewe wajisifu umetoa. Umetoa mtu wa kumjibu.

Sijasema usifanye. Nimesema jua unachokifanya.

Jirani wa Sabufa

Dada, la jina umenikamata vizuri. Jumamosi naenda kwa bibi, nitamuuliza nani anaimba. Sijawahi kuuliza, na hilo peke yake ni aibu nyingine. Mtandaoni haijapanda na haitapanda kabla sijampata mwenyewe au watu wake.

La fidla nalifikiria.

Mtoto wa Manzese

Binti Shangani heshima yako, ila nikukumbushe kitu. Singeli imetoka wapi? Kwenye vigodoro madj walikuwa wanachukua vipande vya taarab na mchiriku, wanavizungusha, wanavikimbiza mpaka kinanda kinalia kama ndege, MC anapanda juu anachana. Hakuna aliyeomba ruhusa. Leo Msaga Sumu anaitwa mfalme na serikali inajivunia. Sijasema ni haki. Nasema ndivyo muziki wa mtaani ulivyozaliwa, huko Jamaika na hapa.

Sasa wakuu niwape hesabu ambayo sijaona mtu anaisema. Singeli inakimbia 200 mpaka 300 kwa dakika. Chukua ya 280. Gawa kwa mbili: 140. Hiyo ni dubstep, kamili, bila kunyoosha kitu. Gawa tena: 70, hiyo ni reggae. Akapela, yaani sauti tupu, ya MC wa singeli ya 280 ukiilaza juu ya biti ya dubstep inakaa yenyewe, MC anakimbia mara nne ya kichwa kinavyotikisika. Ukijaribu na amapiano ya 112 lazima umvute mwimbaji kwa robo nzima, anaanza kuongea kama katuni.

Nimejaribu hii kwenye simu tu. Mwanangu, ni balaa. Snea inapiga moja, MC kashamaliza mistari miwili.

Na wale ambao hawajasikia, tafuteni Sounds of Sisso ya 2017, na Poaa ya Bamba Pana ya 2018. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ndiyo iliyozitoa. Wazungu wanaocheza dubstep huko kwao wanazichanganya kwenye seti zao, sisi tunaziita kelele za watoto wa uswahilini.

Buda wa Umoja

Hiyo hesabu ya 280 imeniua. Naenda kujaribu saa hii, kesho kazi itajijua.

Fundi Spika

Nimechelewa, nilikuwa saiti nafunga muziki wa msiba. Jirani, nina swali moja tu. Hiyo besi yako uliitandaza?

Jirani wa Sabufa

Kuitandaza vipi mkuu?

Fundi Spika

Uliweka kitu cha kuifanya ipanuke, iwe kama inatoka kushoto na kulia, ikuzunguke kichwani?

Jirani wa Sabufa

Ndiyo. Ilikuwa tamu sana kwenye hedifoni.

Fundi Spika

Basi nimeshaijua.

Programu inapanua sauti kwa kufanya kushoto na kulia visifanane. Nyingine inafika mbali: kushoto koni inasukumwa nje wakati kulia inavutwa ndani. Kwenye hedifoni kila sikio lina spika yake, kwa hiyo unasikia utamu. Kwenye shughuli, fundi wa muziki anaunganisha njia zote mbili ziwe moja, mono, ili mtu wa meza ya kushoto na wa kulia wasikie sawa. Sasa kusukuma na kuvuta vikikutana kwenye waya mmoja vinafutana. Moja jumlisha hasi moja. Besi yako haikukwama, ilijiua yenyewe kabla haijafika kwenye spika. Sauti ya mama ilikuwa katikati, sawa pande zote, ikabaki. Haihati hivyo hivyo. Hadithi yako yote inajieleza.

Dawa: chochote kilicho chini ya Hz 100 hivi kiwe mono, katikati, bila mapambo. Wale watu wa dada wa Norwood walilazimika kuwa na adabu hiyo, maana santuri ukiikata na besi iliyopanuka sindano inaruka. Sahani iliwafundisha. Sisi wa flashi hatukuwa na mwalimu.

La pili. Usiseme simu haina besi ukaishia hapo, maana wateja wako wako kwenye simu. Spika ya simu haifiki hata karibu na 44. Fanya hivi: nakili ile besi, ikwaruze kidogo, kata chini yote, ibaki ile mikwaruzo ya juu, 150, 200, 300. Sikio la binadamu ni jinga zuri. Likisikia hizo za juu kwa mpangilio wake, linajijengea ile ya chini lenyewe hata kama haipo. Mtu atasema "hii simu ina besi" na haina.

La tatu, kabla hujaipeleka popote bonyeza mono kwenye programu yako, usikilize kwenye spika moja ya bei rahisi. Mimi kazi zangu zote mwisho wa siku nazipimia kwenye bajaji. Bajaji ikikubali, ukumbi utakubali.

Siti ya Mbele

Karanga zimeisha. Nimejifunza zaidi ya muhula mzima.

Dada wa Norwood

Fundi, heshima. Hilo la sindano kuruka ni kweli kabisa, mtu wa kukatia alikuwa anakurudisha nyumbani na faili lako.

Kuna mtu kaniuliza pembeni za sasa ni zipi, maana tumekaa sana 2009. Haraka haraka. "Rumble" ya Skrillex, Fred again.. na Flowdan, Januari 2023, ikapata Grammy mwaka uliofuata. Flowdan ni mtu wa grime, ile rap ya East London, sauti yake nzito kuliko besi yenyewe, na humo Skrillex hajapiga nduru hata moja. Mtu aliyelaumiwa kuujaza huu muziki kelele amerudi akaunyamazisha. Albamu yake ya Aprili 2025 nayo ni vurugu ya vipande vifupi vifupi, itafute ukiwa huna haraka. "Counting" ya Hamdi ndiyo iliyowafanya watoto wa hapa warudi kwenye 140. Na "Victory Lap" ya Fred again.. na Skepta, 2025, ichezeni kwenye kitu chenye sabufa.

Kwa anayetaka kuona namna ya kuingia kwenye muziki wa watu kwa adabu, Mala in Cuba, 2012. Gilles Peterson alimpeleka Havana, akakaa na wapigaji, Roberto Fonseca kwenye piano. Hakuokota kaseti. Binti Shangani, nadhani hiyo utaikubali.

Binti Shangani

Nimeisikiliza usiku wa jana mara mbili. Nimeikubali. Piano imeachwa ijibu.

Jirani wa Sabufa

Mrejesho wakuu.

Nimetoka kwa bibi. Nimeuliza jina. Bibi kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Anasema yule hakuwa mwimbaji wa kundi, ni shoga yake waliyekuwa naye kikundi kimoja cha lelemama, aliitwa aje aimbe kwa sababu mwimbaji aliyepangwa alikuwa amelewa safari ya boti. Harusi ilikuwa ya bibi mwenyewe. Miaka yote kaseti ya harusi yake nilikuwa naiita "taarab ya zamani". Shoga yake alishafariki, lakini mtoto wake yupo Tanga na bibi ana namba yake. Tumepiga pale pale. Jina silitaji humu mpaka aseme mwenyewe. Ameomba nimtumie asikie kwanza.

Kazi yenyewe: besi nimeirudisha katikati, mono chini ya 100 kama Fundi alivyosema, na ile mikwaruzo ya juu kwa ajili ya simu. Fidla nimeirudisha. Si yote. Pale mama anapovuta neno la mwisho wa mstari, ngoma na besi vinakaa pembeni, fidla inamjibu peke yake, halafu ndipo dropu. Dada wa Shangani alikuwa sahihi, nilikuwa nimetoa kitu kisichotoleka.

Nikaanza kwa bajaji. Nimepanda Mbagala Rangi Tatu, dereva ana sabufa chini ya kiti cha abiria, nikamuomba achomeke flashi. Dropu ilipoingia akapunguza mwendo, akadhani tairi limepasuka. Kisha akaongeza sauti.

Halafu nikamchezea bibi, kwenye spika aliyoleta mjomba. Vikombe vya kabatini vikaanza kulia vyote kwa pamoja. Bibi kakaa kimya, mikono mapajani, mpaka mwisho. Nikamuuliza, bibi vipi?

Akasema, "Hiyo ngoma ya chini mwanangu iache, inanikumbusha msondo. Lakini yule anayepiga kinanda pale katikati mwambie anyamaze, anamwingilia mwenziwe."

Kinanda ni changu. Nimekaa nacho wiki mbili.

Fundi Spika

Kifute.

Buda wa Umoja

Kifute bana.

Jirani wa Sabufa

Nimeshakifuta.